Kumbukumbu ya Chuma na Anayeisoma

Swali la kama maada isiyo na uhai inaweza kukumbuka limepata uzito mpya tangu wanafizikia walipojifunza kuandika habari katika tando za sumaku nyembamba mno. Katika kifaa cha kuhifadhi habari kiitwacho MRAM, tando mbili za mchanganyiko wa kobalti, chuma na boroni hutenganishwa na utando wa oksidi ya magnesiamu wenye unene wa takriban nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Kila elektroni ina spini, sifa ya asili inayoifanya iwe kama sumaku ndogo kupita kiasi. Mwelekeo wa spini za utando mmoja hufungwa usigeuke na wa utando wa pili huachwa huru. Mielekeo hiyo miwili ikilingana umeme hupenya kwa wepesi, ikipingana ukinzani hupanda, na tofauti hiyo ndiyo husomwa kuwa sifuri au moja. Usomaji wa sumaku kwa njia ya ukinzani ulishika kasi baada ya ugunduzi wa mwaka 1988 wa Albert Fert na Peter Grünberg, uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Hapa pana jambo ambalo mwanafalsafa hapaswi kulipita upesi: utando ulio huru, ukiwa peke yake, hausemi chochote. Reli ya TAZARA ipitayo Mzenga, wilayani Kisarawe, nayo ni chuma, na chuma kinachotikiswa ndani ya uga wa sumaku wa Dunia huweza kupata usumaku unaobaki. Lakini pasipo cha kulinganisha nacho wala wa kulinganisha, iliyobaki humo ni athari tu, haijawa kumbukumbu. Wazaramo wa eneo hilo walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti yenye kichwa na kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, aliyokabidhiwa mwali alipowekwa ndani, na umbo la namna hiyo lilichongwa pia katika nguzo za makaburi. Mti ule ulikumbusha ukoo na uzazi kwa sababu kungwi na wazee walikuwapo kuueleza. Sanamu kama hizo zilizomo katika makumbusho ya Ulaya zimehifadhiwa vizuri, lakini zimetengwa na wanaojua kuzisoma, na hasara hiyo haifidiwi na uzima wa mti.

Utando ulio huru una udhaifu mwingine pia. Joto hutikisa spini bila kukoma, kwa hiyo wahandisi huweka kizuizi cha nishati ili mwelekeo usigeuke wenyewe, wakikusudia mara nyingi habari idumu miaka 10. Kizuizi kikizidishwa, kuandika nako hudai umeme mwingi zaidi. Kinachoweza kuandikwa kinaweza pia kufutika, kwa kuwa mlango wa kuandika na wa kufuta ni mmoja.

Ndiyo maana Mwislamu anayetafakari Lauhi Mahfudhi, ubao uliohifadhiwa unaotajwa katika Kurani, atakosea akiufananisha na hifadhi ya kompyuta iliyopanuliwa tu. Hifadhi ya maada husimama kwa nishati, hupambana na joto na humngoja msomaji aliye nje yake. Elimu ya Mungu, kwa imani hiyo, haimngoji yeyote, wala haipungukiwi na kitu pale athari ya mwisho ya tendo la mja inapofutika duniani.