Mkahawa Ukikua

Neno mkahawa limezaliwa na kahawa, na kahawa katika pwani yetu ni kinywaji cha watu wengi pamoja. Muuzaji huja na dele lake, na makaa chini yake, akigonganisha vikombe vidogo mkononi ili wanywaji wajue yu njiani. Atuapo barazani watu humzunguka. Kahawa ni chungu, kashata ni tamu, na mazungumzo hayalipiwi. Biashara yake nzima ni yeye mwenyewe. Akiugua, hapana kahawa. Akitaka kumpa maskini kikombe, hangoji idhini ya mtu. Mkono umiminao ndio mkono umilikio.

Lakini biashara ina tamaa ya kukua, na kukua kwake ndiko nitakako kukupima hapa. Mwaka 1999 mkahawa ulifunguliwa Adams Arcade, mjini Nairobi, ukaitwa Java House. Kenya ilikuwa ikilima kahawa iliyosifiwa duniani, walakini karibu yote ilikwenda ng'ambo, na wenyeji wengi walikunywa chai. Waanzilishi wake, Kevin Ashley na Jon Wagner, waliwaandalia watu wa mji zao la nchi yao wenyewe. Mkahawa ukapendwa. Mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu, hata ukavuka mipaka kuingia Uganda na Rwanda. Mwaka 2012 kampuni ya mitaji, Emerging Capital Partners, ilinunua sehemu kubwa yake. Mwaka 2017 ukauzwa kwa Abraaj, na baada ya Abraaj kuanguka mwaka 2018, usimamizi ukapita kwa Actis mwaka 2019. Basi katika miaka 20 mkahawa ulipita katika mikono minne, na mnywaji aliyeketi mezani pake pengine hakuhisi lolote.

Je, kitu chaweza kukua bila ya kupoteza kile kilichokifanya kipendwe?

Wako wasemao kuwa kukua ni kusaliti. Siafikiani nao. Mti haulaumiwi kwa kutoa matawi. Mikahawa mingi ni mishahara mingi. Bei iliyoandikwa ukutani haimjui ndugu wala mgeni. Wote hupata kipimo kimoja. Tena baraza ya kahawa, pamoja na sifa zake zote, aghalabu ni ya wanaume. Mwanamke apitaye huamkiwa kwa heshima, lakini hakaribishwi kuketi. Katika mkahawa mkubwa mwanamke huketi peke yake na kitabu chake, akalipa, akaondoka, asiulizwe ni mke wa nani. Hii ni haki, na haki si jambo dogo.

Walakini haki siyo utu wote. Siku moja, katika mji mwingine na mkahawa wa kampuni nyingine ambayo haina haja ya kutajwa, nilimwona mzee akihesabu sarafu zake mbele ya mhudumu. Kikombe kilikwisha kumiminwa. Shilingi 20 zilipungua. Mzee alizipekua mifuko yake mara mbili, kisha akakisukuma kikombe nyuma kwa kidole, polepole, kama mtu arudishaye kitu alichokiiba. Kijana aliitazama mashine ya malipo. Mashine haikuwa na kitufe cha huruma. Mwishowe alitia mkono mfukoni mwake, akalipa yeye. Mzee alikunywa kahawa yake bila ya kuinua macho.

Nilitoka pale na swali. Kampuni ile ilikuwa na maduka mengi, na kijana yule bila shaka alikuwa miongoni mwa wenye fungu dogo kabisa ndani yake. Iweje basi hisani ya nyumba tajiri ilipwe na mtu maskini kuliko wote waliomo? Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na roho njema isiyo na ruhusa. Mwenye dele angalisema, "Kunywa, babu," na neno lingalikwisha.

Nadhani hapa ndipo ilipo hatari ya kukua. Mkahawa ukiongezeka, kahawa yaweza kubaki ile ile, na kiti kile kile, na tabasamu lile lile. Lakini mamlaka ya kutenda wema huondoka katika mkono umiminao, yakaenda mbali, kwa watu wasioweza kumwona mzee. Hapana aliyekusudia ubaya. Umbali peke yake umetosha.

Dawa yake si kubaki wadogo. Mwenye kupeleka kanuni ya kupika kahawa katika maduka mia, na apeleke pamoja nayo ruhusa ya kusamehe. Kila mkahawa huandika katika hesabu yake vikombe vilivyovunjika, wala haufilisiki kwa hivyo. Basi na iandikwe safu ya pili: vikombe viwili kwa siku, vilivyotolewa kwa hiari ya mhudumu, bila ya kuulizwa sababu. Ikiwa nyumba yaweza kustahimili hasara ya mkono ulioteleza, yaweza pia kustahimili gharama ya mkono uliokunjuka. Nyumba isiyoweza hayo imeongeza milango, lakini mwenyeji wa kumkaribisha mgeni hayumo ndani.