Mkono Ulio Katika Kadi

Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ambako Kiswahili kilisikika sokoni na mpakani miaka mingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, tuliwekewa mezani kadi mbili za salamu. Zote zilionyesha mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, kama wafanyavyo wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu. Ya kwanza ilitengenezwa kwa maganda makavu ya mgomba, yaliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya karatasi ngumu. Rangi zake, tangu hudhurungi hadi karibu na weusi, ni zile alizozitoa mgomba wenyewe. Ya pili ilikatwa na mashine ndogo ya nyumbani, ile ipokeayo mchoro kutoka kwenye kompyuta na kuufuata kwa kisu chembamba. Nyuma ya kila moja paliandikwa: "Kazi ya mkono."

Je, ya pili ilisema uongo?

Tusiharakishe kuhukumu. Mkasi nao ni chombo, na mwenye mashine alichagua karatasi, akabandua vipande kimoja kimoja, akavipanga kwa vidole vyake. Hata hivyo mstari wa mtumbwi hakuukata yeye, na huenda hata mchoro aliununua. Alipaye zaidi kwa ajili ya neno "mkono" hununua saa za mtu, macho yake yaliyochoka, na uwezekano wa kukosea. Katika kadi ya mgomba mtumbwi wa kati umeinama kidogo. Kwa mashine, kadi mia zitakuwa na mtumbwi ule ule. Anayedhulumiwa hapa si mnunuzi tu, bali hasa mwenye mkasi, ambaye neno hilo ndiyo mali yake. "Imekatwa kwa mashine, imebandikwa kwa mkono": kusema hivyo kungemgharimu mwenzake nini? Faranga chache, labda.

Lakini sisi walimu tuna deni letu. Waswahili hupeana mkono wa Idi, na mkono wa buriani. Salamu yenyewe ni mkono. Basi mwanafunzi akiikata kadi kwa taabu kubwa, kisha ndani yake akanakili kutoka ubaoni sentensi waliyoinakili wenzake arobaini, mkono wake u wapi? Tumeyafanya hayo darasani, tukayasifu kwa wino mwekundu. Mmoja alimwandikia bibi yake: "Idi njema. Mbuzi amepona." Tulimpunguzia alama, kwa kuwa sentensi ya pili haikuwamo ubaoni.