Tende Mbili, Runinga Mbili: Swali la Hiari katika Maduka ya Kampala

Katika maduka ya vyombo vya umeme yaliyosongamana katikati ya Kampala, kuanzia Barabara ya Kampala hadi Mtaa wa Luwum, runinga hupangwa ukutani zikiwa zimewashwa zote, na mara nyingi mnunuzi hujikuta amebakiwa na mbili ambazo bei yake ni moja, ukubwa wa kioo ni mmoja na sifa anazozitaja muuzaji ni zilezile. Kusita kwake mbele ya hizo mbili huonekana kuwa jambo dogo la sokoni, nalo humalizwa kwa mzaha au kwa simu ya kumwuliza ndugu aliyeko nyumbani. Hata hivyo, ndani ya kusita huko mna swali ambalo wanafalsafa wa Kiislamu na wa Ulaya waliligombania kwa karne nyingi: je, kiumbe mwenye akili anaweza kutwaa kimoja kati ya viwili vilivyo sawa bila sababu ya kukitanguliza, au hiari isiyo na sababu haistahili kuitwa hiari?

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 katika mji wa Tus huko Uajemi, alilikabili swali hili katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa ni kuporomoka kwa wanafalsafa. Wapinzani wake walidai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwa kuwa nyakati zote kabla ya kuumbwa zingekuwa sawa, na utashi, yaani uwezo wa nafsi wa kutaka na kukusudia, hauwezi kuutenga wakati mmoja na mwenzake ikiwa hakuna kinachoutofautisha. Al-Ghazali aliwajibu kwa mfano wa mtu mwenye hamu ya tende, aliyewekewa tende mbili zinazofanana kwa kila hali inayomhusu, naye hawezi kuzichukua zote mbili. Mtu huyo, alisema, hatakaa akizitazama milele. Atachukua moja, na hapo itadhihirika kwamba kazi ya utashi ndiyo hiyohiyo ya kukitenga kitu na mfano wake. Mfano wa punda anayekufa njaa katikati ya marobota mawili ya nyasi, ambao Ulaya umepewa jina la Jean Buridan wa karne ya 14 ingawa haupatikani katika maandishi yake, unakuja baada ya tende hizo, tena ni mfano dhaifu zaidi, kwani punda hakuumbiwa kutoa hesabu ya matendo yake.

Jibu la Ibn Rushd wa Kurtuba, aliyeishi kati ya 1126 na 1198, halijulikani sana miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, nalo ndilo linalogusa duka la runinga kwa karibu zaidi. Ibn Rushd hakukubali kwamba mtu wa tende anachagua kati ya tende hii na tende ile. Alichonacho mbele yake, alisema, ni kula au kutokula. Kinyume cha kuchukua ni kuacha, wala si kuchukua nyingine, na sababu ya kuchukua ipo wazi, nayo ni njaa. Mkono ukishaamua kuchukua, tende utakayoiangukia inatosha, kwa sababu kila moja inaondoa njaa ileile.

Hoja hii ikipelekwa Mtaa wa Luwum, sura ya swali hubadilika. Mnunuzi anayehangaika kati ya runinga mbili ameshasahau kwamba uamuzi mzito ulikuwa ule wa kuitoa fedha nyumbani, fedha ambayo ingeweza kuwa karo ya muhula ujao, mabati ya nyumba inayojengwa kijijini au akiba ya ugonjwa usiotazamiwa. Huko ndiko kulikokuwa na vitu viwili tofauti kweli, na huko mara nyingi hakusita sana. Husita pale ambapo kukosea hakuna gharama, kama kwamba uangalifu wa mwisho unaweza kufidia haraka ya mwanzo. Ufalme wa Buganda nao unao mfano wa hiari iliyoshughulika na kuacha kuliko kuchukua: Kabaka Muteesa wa Kwanza, ambaye Uislamu aliukuta umekwisha kuingia ikuluni tangu zama za babaye Suna, aliwapokea wamishonari Waprotestanti mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, akawaacha wote wabishane mbele yake, na alipofariki mwaka 1884 hakuwa amejifunga moja kwa moja na upande wowote. Leo vilima vya Kibuli, Namirembe na Rubaga vinatazamana juu ya jiji, kila kimoja na nyumba yake ya ibada. Ni vigumu kusema kwamba mfalme yule alishindwa kuchagua. Yaelekea aliona kwamba kutochukua nako ni tendo.

Yupo hata hivyo mwanafalsafa ambaye angekataa mfano wa tende tangu mwanzo. Gottfried Wilhelm Leibniz, katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716, alishikilia kwamba hakuna vitu viwili duniani vinavyofanana kabisa, na akakumbusha jinsi bwana mmoja alivyozunguka bustani ya Herrenhausen akitafuta majani mawili yasiyo na tofauti, asiyapate. Kwa habari ya runinga, Leibniz ana haki zaidi kuliko wauzaji wanavyopenda. Vioo viwili vya bei moja vinaweza kuwa vimetengenezwa kwa namna mbili: kimoja huzuia mwanga vizuri, hivyo weusi wa usiku katika filamu huwa mzito, lakini rangi zake hufifia kwa anayetazama kutoka pembeni, kingine hutunza rangi kwa watazamaji wa pande zote, ila weusi wake huelekea kijivu. Katika sebule ya Kampala, ambamo mgeni hukalia kiti kilicho mbele ya kioo huku watoto wakijipanga mkekani na majirani wakisimama mlangoni siku ya mpira, tofauti hiyo si ya kifalsafa hata kidogo. Anayetazama peke yake atanunua cha kwanza, na mwenye nyumba ya watu wengi atafanya vyema kununua cha pili. Kulijua hili kunahitaji tu kutembea hatua tatu kushoto na tatu kulia dukani, jambo ambalo wachache hulifanya.

Lakini zipo tofauti nyingine ambazo Leibniz angezihesabu na jicho lisizihesabu. Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya digrii, na kwa mtu aliyeketi mita 2.5 kutoka kwenye kioo, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.7 hivi. Runinga ya inchi 32 yenye mistari 1080 ya nukta za picha hupanga nukta zake kwa umbali wa karibu milimita 0.37, na ile yenye mistari 768 kwa karibu milimita 0.52, zote mbili zimekwisha kupita uwezo wa jicho la mtazamaji huyo. Tofauti ipo kwenye kioo, imeandikwa kwenye boksi, na kutoka kitini haionekani. Ndiyo maana al-Ghazali alikuwa mwangalifu kusema kwamba tende zile zinafanana kwa habari ya mtu yule na haja yake. Hakudai kwamba zinafanana mbele ya Muumba aliyezihesabu nyuzi zake.

Methali ya Kiswahili isemayo mchagua nazi hupata koroma huwaonya wanaochagua kupita kiasi, lakini imejengwa juu ya imani kwamba nazi nzuri ipo na mtu ameipita. Hali ya mnunuzi wa runinga huenda ni nyingine kabisa, na desturi ya kupatana bei hutoa njia ya kuipima. Ikiwa runinga mbili ni sawa kweli, basi muuzaji akipunguza shilingi 10,000 kwenye moja, mizani ingepaswa kuinama papo hapo. Anayewafahamu wanunuzi anajua kwamba mara nyingi haiinami: bei hupunguzwa, naye bado amesimama palepale, mkono kidevuni. Mwanafalsafa Ruth Chang ameijenga hoja ya namna hii kueleza uhusiano wa nne, zaidi ya kuzidi, kupungua na kuwa sawa, ambao hapa unaweza kuitwa kuwa sambamba: vitu viwili vinathaminiwa kwa vipimo vinavyopingana, kama uzito wa weusi na upana wa mtazamo, wala hakuna kipimo cha tatu cha kuvihukumu. Vilivyo sawa huamuliwa na punje moja, ilhali vilivyo sambamba havisogezwi na punje, kwa hiyo anayeendelea kuomba apunguziwe anakusanya punje ambazo hazitamsaidia.

Kwa Mwislamu, mahali hapo ndipo sala ya istikhara hukumbukwa. Neno hilo, pamoja na hiari na heri, limetoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya wema na uteuzi, na kwa hiyo Mswahili asemaye heri hii kuliko ile tayari anatumia msamiati wa sala. Istikhara, kama ilivyopokewa kwa Jabir bin Abdillah katika mkusanyo wa Bukhari, ni rakaa mbili zisizo za faradhi zinazofuatwa na dua ya kumwomba Mungu alijaalie jambo likiwa na heri na aliepushe likiwa na shari. Jambo linalotajwa katika dua hiyo ni moja. Haimwombi Mungu aoneshe kidole kati ya hiki na kile, wala haitaji ndoto ambayo watu wengi huisubiri. Inaomba juu ya kutenda au kutotenda, na kwa namna hiyo umbo lake liko upande wa Ibn Rushd kuliko upande wa tende mbili. Anayeiswali baada ya kufika dukani ameichelewesha.

Kura nayo ina nafasi yake. Mitume, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda waliweka kwanza masharti, wakabakiwa na Yusufu Barsaba na Mathiya, wakaomba, ndipo kura ikapigwa. Mafakihi wa Kiislamu nao huikubali kura pale haki zinapolingana, huku wakiharamisha mishale ya kupigia ramli, kwa sababu ya kwanza humaliza mvutano na ya pili hudai kuijua ghaibu. Katika mapokeo yote mawili sababu hutumika mpaka ziishe, na kinachofuata hakijifanyi kuwa sababu. Mnunuzi anayerusha sarafu mlangoni mwa duka si mjinga, alimradi ametembea zile hatua tatu kushoto na kulia.

Kwa nini basi wengi wanaona haya kurusha sarafu? Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba mnunuzi ameshaipata runinga inayomfaa, naye sasa anatafuta udhuru. Anajua kwamba chombo kikiungua mwezi ujao kwa umeme unaopanda na kushuka, ataulizwa nyumbani kwa nini alichukua hiki, na neno "vilikuwa sawa" halitampa kinga kama neno "muuzaji alisema hiki ni imara". Kusita kwake ni maandalizi ya kujitetea. Sheria ya biashara ya Kiislamu ililiona pengo hili, ikaweka hiari kuwa haki ya mkataba: ipo hiari ya kasoro, inayomruhusu mnunuzi kurudisha kitu chenye dosari iliyokuwepo kabla ya kukipokea, na ipo hiari ya kikao, inayowaruhusu wote wawili kuvunja mauziano bila kutoa sababu yoyote maadamu hawajaachana. Wamaliki na Wahanafi hawaikubali hii ya pili. Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki, wanaikubali. Kwao hukoma pale pande mbili zinapotengana kwa miili kama desturi inavyohesabu kutengana, na katika Mtaa wa Luwum hilo hutimia mara tu boksi linapofungwa nyuma ya bodaboda na pikipiki kuondoka.