Besaleli Alijaliwa na Mikono: Neno kwa Vijana Waliosomea Uhandisi na Sayansi



Padre ameniomba niwaandikie vijana wetu wa hapa Itaka na mitaa ya jirani waliomaliza vyuo na kurudi nyumbani na vyeti vya uhandisi, kemia, fizikia na mengine ya namna hiyo. Nimekubali kwa furaha, maana baadhi yao niliwafundisha hesabu wakiwa hawajui hata kushika bikari. Wazazi wao nao hunisogelea Jumapili baada ya ibada, wakaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, tumeuza kahawa miaka minne, mtoto amesoma, mbona amekaa tu?"

Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kumwambia mtu avumilie.

Fungueni Kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu alipotaka hema ya kukutania ijengwe kule jangwani, alimtaja fundi kwa jina lake: Besaleli mwana wa Uri, wa kabila ya Yuda. Akampa na msaidizi, Oholiabu wa kabila ya Dani. Maandiko yanasema mtu huyo alijazwa roho ya Mungu, nami nawaomba mwangalie alijazwa kwa kazi gani. Ni kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchora miti. Hekima aliyopewa ilianzia kichwani ikashuka mpaka vidoleni. Wale wanaodhani Roho Mtakatifu hushughulika na mahubiri na kwaya peke yake, sura hii wameiruka.

Katika nchi yetu watu wa ufundi huhesabiwa kwa ngazi tatu: fundi mchundo, fundi sanifu, na mhandisi. Vijana wengi huzitazama ngazi hizi kama vyeo vya heshima, kana kwamba aliye juu hapaswi tena kugusa spana. Kijana akitoka chuoni na shahada yake, huona aibu kusimama karakana pamoja na fundi aliyeishia darasa la saba. Lakini huyo wa darasa la saba husikiliza mashine ikinguruma, akakuambia beringi imekwisha kabla hujafungua hata boliti moja. Elimu hiyo haimo katika daftari lako, kijana wangu. Usipomwendea mzee huyo kwa adabu, ukamwamkia, ukamshikia taa anapolala chini ya mtambo, hataitoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sheria ya nchi inalijua jambo hili. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 1997, humwandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu. Hapo hufanya kazi chini ya wakubwa wake kwa muda usiopungua miaka 3, akaandika aliyoyafanya, akasailiwa, ndipo huweza kuandikishwa kuwa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi hiyo imekuwa na mpango wa kuwaweka wahitimu mahali pa kazi, wajifunze kwa vitendo kwa miaka 3 chini ya usimamizi. Ulizeni habari zake mapema, tangu mkiwa mwaka wa mwisho chuoni. Mara nyingi nawakuta vijana waliokaa nyumbani mwaka mzima bila hata kujiandikisha.

Basi shauri langu ni hili: mwaka wa kwanza usitafute mshahara, tafuta mwalimu. Ukipewa nafasi mbili, moja ya kukaa ofisini mjini na kupiga mihuri, nyingine ya kuvaa buti huko porini chini ya mhandisi mkali anayekukosoa kila siku, nenda porini. Wazee wetu waliiona reli ya TAZARA ikijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, ikipita papa hapa kwetu kwenda Tunduma. Jambo waliloshangaa ni kuwaona wataalamu wa Kichina wakishika koleo pamoja na vibarua wetu. Wengine kati ya Wachina hao walifia kazini, na makaburi yao yako Gongo la Mboto.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi.

Yuko kijana wetu mmoja, sitamtaja jina, aliyepata kazi ya kusimamia ujenzi katika mji mmoja. Zege linapomwagwa, hutengwa vipande vidogo vya mchemraba, vikahifadhiwa majini, vikavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28, ili ijulikane kama nguvu yake inatosha. Mkubwa wake akamwambia ajaze ripoti ya siku ya 28 na kutia sahihi. Vipande havikuwa vimevunjwa. Yule kijana akakataa. Wiki ile ile akaambiwa hahitajiwi tena, akarudi Itaka na godoro lake juu ya basi. Wenzake kijiweni walimcheka: "Sahihi moja tu, ingekugharimu nini?"

Tuseme wazi ingegharimu nini. Tarehe 29 Machi 2013, siku yenyewe ya Ijumaa Kuu, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Katika Luka sura ya 13 Bwana wetu anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, naye akawakataza wasikilizaji wake kudhani kwamba marehemu wale walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hakuwatwika waliokufa lawama. Mimi kila nikisoma hapo najiuliza swali la mwalimu wa hesabu: nani aliujenga mnara ule, na alipima nini?

Torati haikuliacha jambo hili hewani. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inaagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na nyumba ikawa na hatia ya damu. Ni kanuni ya ujenzi kabisa, imekaa katikati ya amri za Mungu. Sahihi ya mhandisi ni ushuhuda mbele ya Mungu na mbele ya mama atakayelala chini ya dari lile na wanawe.

Kijana yule mpaka ninapoandika hajapata kazi ya kudumu. Anazunguka vijijini akitengeneza pampu na mashine za kukoboa. Nasema kwa wazee wa kanisa, nami nikiwamo: tunapanga kubadilisha paa la kanisa mwaka huu. Ikiwa hatutamwita huyu alikague na kumlipa haki yake, basi mahubiri yetu juu ya uaminifu tuyapunguze.

Kwa ninyi mliosoma sayansi bila uhandisi, nanyi msijione mmesahauliwa. Mwangalieni Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali huko Karatu. Alisoma mpaka shahada ya uzamivu Korea ya Kusini, na aliporudi akashughulikia tatizo alilolijua tangu utoto wake, maji machafu. Akatengeneza chujio la maji, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Alianza na ndoo ya mama yake, kwa namna ya kusema. Na kwetu je? Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mtu wa kemia akikaa na wakulima wetu wakati wa mavuno, akawafundisha kukausha na kupima unyevu, hajapoteza shahada yake. Kufundisha shuleni nako kusiwe kimbilio la aliyeshindwa. Walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi nchini, nami ninajua jinsi darasa zima linavyoweza kuichukia fizikia kwa kukosa mtu mmoja wa kuieleza.

Wazazi, neno moja. Msiuze shamba ili kununua nafasi ya kazi. Maombi ya kazi serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira, wala hayana malipo. Anayedai "kitu kidogo" aliingize jina anawaibia, na mara nyingi jina lenyewe haliendi popote. Fedha hiyo mnunulieni mtoto seti ya spana, mita ya kupimia umeme na buti nzuri.

Nanyi vijana mlioko nyumbani, someni na sura ya 35 ya Kutoka. Besaleli na Oholiabu walitiwa pia moyo wa kufundisha wengine. Shule yetu ya sekondari ina watoto wa kidato cha tatu wanaosoma umeme bila kuushika waya. Jumamosi saa tatu asubuhi mlango wa darasa utakuwa wazi. Leteni betri, balbu na waya. Chaki nitatoa mimi.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Itaka