Jina Juu ya Kanda

Watu wengi hudhani kwamba kuandika lebo juu ya kanda ya muziki ni kazi ya karani tu, haihitaji kufikiri. Mimi naamini ni jambo la haki kati ya mtu na mtu.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma na nyimbo, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, Kenya. Hapo alirekodi wasichana wakiimba Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana kwa santuri zake. Tracey alikuwa na desturi ya kuandika maelezo ya kila wimbo: nani kaimba, kwa lugha gani, kwa ala gani, wapi, lini. Maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilihifadhi kanda pamoja na maelezo hayo. Zaidi ya miaka 60 baadaye nyimbo zile zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa wakakutwa wangali hai. Bila maelezo yale, nani angejua pa kuzipeleka?

Mtu aweza kuuliza: je, utamu wa wimbo hupungua kwa kukosa jina? Haupungui. Sikio halidai jina, lakini mwenye sauti analo dai lake. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, karatasi ya mtihani isiyo na namba haikumpa mtu maksi, hata majibu yawe mazuri namna gani. Wimbo ulioandikwa "ngoma ya asili" basi, ni karatasi ya namna hiyo. Jasho lipo, mwenye jasho hayupo. Na sifa au malipo yakija, huenda yakamwangukia mwingine.

Hata hivyo, asiyejua jina asibuni. Lebo ya uongo ni mbaya kuliko kukosa lebo, maana kanda isiyo na jina humfanya mtu atafute, bali jina la uongo humtuliza akaacha kutafuta. Na aandike: "Mwimbaji hajulikani", kisha aongeze mahali na tarehe ikiwa anavijua.

Nawe msomaji, ikiwa unazo kaseti za harusi au za kwaya kabatini, chukua kalamu, uwaulize wazee ni nani yule anayeongoza na nani wanaoitikia. Kaseti yaweza kungoja, wazee hawangoji.