Deni la Kivuli

Katika uwanda wa Ufipa baridi humdanganya mtu. Mkulima wa Mwazye, wilayani Kalambo, aweza kuinama kutwa juu ya jembe lake, upepo ukampuliza shingoni, asidhani kuwa jua limemdhuru. Walakini nchi ile imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyopungua nguvu ya kuizuia miale ya jua isiyoonekana. Miale hiyo haina joto la kumwonya mtu. Ngozi yake hujeruhiwa asijue, na jambo la ajabu zaidi, hutengenezwa asijue.

Ndani ya seli mna DNA, maandishi marefu ya urithi yenye herufi nne tu: adenini, guanini, sitosini na timini. Herufi hizo hazikuchorwa juu ya jiwe. Sitosini huweza kugeuka yenyewe ikawa urasili, herufi isiyo na mahali katika maandishi hayo. Guanini huharibiwa na oksijeni kali ambayo jua huizidisha katika ngozi. Tomas Lindahl, mtaalamu wa Sweden, alikadiria kuwa katika seli moja maelfu ya herufi hung'oka kila siku, hata kwa mtu aliyelala gizani. Mwaka 1974 alieleza habari za kimeng'enya kinachoiondoa urasili. Kimeng'enya hicho ni kama fundi mwenye subira: hupita juu ya uzi wa maandishi, huipindua nje herufi mbovu, huikata. Wenziwe hufika nyuma yake, wakaufungua uzi mahali pale, wakatia herufi iliyo sahihi, wakaufunga. Kwa uchunguzi wa namna hii Lindahl, pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015.

Fundi hujuaje herufi iliyo sahihi? Hana akili wala kumbukumbu. DNA ina nyuzi mbili zinazoelekeana: adenini huikabili timini, na guanini huikabili sitosini. Uzi ulioumia hutengenezwa kwa ushahidi wa jirani yake aliyesalimika. Wakiumia wote wawili mahali pamoja, ushahidi huo hupotea, na mara nyingi fundi hodari hulazimika kubahatisha.

Miale ya jua ina dhara jingine, la kuzigandamanisha herufi mbili zilizo jirani. Hindi lililo shambani lina kimeng'enya kinachotumia nuru ileile ya jua kuziachanisha. Binadamu anayelilima hanacho. Mwili wake hulazimika kukata kipande kizima cha uzi na kukiandika upya. Katika jambo hili mmea umepewa zaidi ya mwenye shamba.

Sasa na afikiriwe mtoto mwenye ualbino aliyezaliwa katika nyumba ya wakulima kama hao. Husemwa kuwa ana damu mbovu, na mara nyingine mama yake hutuhumiwa uzinzi. Maneno haya ni ya uongo, na uongo wake wapasa kuelezwa hasa ulipo. Upo ugonjwa adimu ambao mafundi wenyewe ndio wenye kasoro; James Cleaver aliutambua hivyo mwaka 1968. Ualbino si huo. Mafundi wa mtoto huyu ni wazima kama wa mjumbe wa kijiji chake. Alichokosa ni melanini, rangi ambayo ndani ya ngozi hujikusanya juu ya kiini cha seli mfano wa mwavuli. Nusu ya upungufu huo aliipata kwa baba na nusu kwa mama, nao wote wawili huwa weusi wasio na alama yoyote. Kwa hiyo mtoto hana udhaifu wa kujitengeneza. Ana kazi ya kutengeneza inayozidi kipimo cha fundi yeyote, na saratani ya ngozi hutokea pale kazi inapomshinda fundi.

Ikiwa ni hivyo, yule asemaye kwamba Mungu amemuumba hivyo na mwili utajiponya hasemi jambo la unyenyekevu. Amemtwika fundi mzigo usio wake, kisha akamlaumu kwa kuanguka. Kivuli ambacho ngozi haikutoa ni deni, na wadaiwa ni walio karibu. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitia Tanzania aibu tangu miaka ya 2000, yalilaaniwa na wengi, na ilikuwa haki. Jua huua polepole, bila panga, nalo halina wa kulilaani.

Haifai hata hivyo kumsemea mkulima kana kwamba ana ghala la fedha. Mafuta ya kukinga ngozi yalianza kutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na Moshi iko upande wa pili wa nchi. Kabla mvua hazijakwisha, nyasi hazina budi kufukiwa katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, la sivyo udongo wa mwaka ujao utakuwa na njaa. Na kila mkono uliopungua shambani huonekana chunguni. Nyumba yaweza kulima alfajiri na jioni, na adhuhuri mtoto akaachiwa kuchambua maharage barazani. Huenda mtoto mwenyewe akakataa, kwa kuwa wenzake wote wako kwenye ntumba naye hataki kuwa mgeni kwao. Hapo kofia pana na shati la mikono mirefu yapasa vimfuate shambani, na wa kwanza kuvivaa awe baba yake, ambaye ngozi yake ina mwavuli wake tayari.