Mkono wa Mpigaji

Je, mpiga gitaa anayeiachia kompyuta imsahihishie makosa amesema uongo? Swali hili si la mafundi mitambo peke yao. Linafanana sana na lile nililowauliza wanachuo wangu miaka mingi: katika daftari la mtoto, kazi yake ni ipi, na ya aliyemsaidia ni ipi?

Tutazame kwanza jambo lenyewe. Chini ya nyuzi za chuma za gitaa la umeme mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi ukitikisika, huzaliwa umeme hafifu sana. Umeme huo hupita katika waya hadi kwenye kisanduku kidogo kinachoupima mara 44,100 au zaidi kila sekunde, kikaipa kompyuta hesabu tupu. (Wapo wanaochomeka gitaa katika tundu la kipaza sauti la kompyuta, kisha wakalalamika kwamba sauti imefifia, tundu hilo halikutengenezwa kwa ajili ya gitaa.) Tangu hapo mkono wa mpigaji umekuwa tarakimu, na tarakimu hukubali kufutwa, kusogezwa na kunyooshwa.

Katika miaka ya 1970, bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja: solo, ridhimu, besi, ngoma na waimbaji, utepe ukizunguka. Wazee wenzangu husema huo ndio uliokuwa ukweli. Mimi siwaafiki moja kwa moja. Mwaka 1948 Mmarekani Les Paul alitoa "Lover", naye alikuwa amepiga sehemu zote 8 za gitaa peke yake, moja juu ya nyingine, baadhi zikinaswa polepole ili zisikike zikienda mbio. Hakuna mtu awezaye kupiga vile jukwaani peke yake. Hata hivyo, kila mlio ulitoka katika vidole vyake.

Basi anayerudia kipande mara ishirini hadi kikae sawa, simlaumu. Ni kama mwanafunzi anayeandika insha upya, na kila akirudia hujifunza. Ninayemtilia shaka ni yule anayeiamuru programu ivute kila mlio hadi kwenye pigo. Mashine haijui kosa ni lipi na kusudi ni lipi. Mpigaji mzuri huchelewesha mlio kidogo kwa makusudi, na katika huko kuchelewa ndiko tunakomtambua kuwa ni yeye na si mwingine.

Mjukuu wangu, apigaye gitaa, hunijibu: "Lakini babu, msikilizaji anataka wimbo mzuri tu." Ni kweli, na msikilizaji aliye nyumbani kwake sidhani kama amedhulumiwa. Lakini kijana akiajiriwa na bendi kwa sababu ya rekodi ile, wenzake watausubiri jukwaani mkono ambao haupo, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hao nao wamwambie nini?

Nimemwomba ahifadhi pia upigaji wake wa kwanza, usioguswa. Amekubali, ingawa hapendi niusikilize.